Goli la Tisa la Mtukufu

Naandika haya kwa sababu watu wana midomo. Kwenye foleni za maji, kwa vinyozi, hata msibani ambako mtu angetegemewa awe na adabu kidogo, wanasema eti Tume ya Taifa ya Kuchagua Filamu Bora Kabisa za Michezo za Nyakati Zote ilifanya ukatili. Jamani! Mimi nilikuwa Katibu wa Tume hiyo tangu siku ya kwanza hadi siku tulipovishwa nishani. Nilikuwepo. Ukatili sikuuona, na macho yangu hayana kasoro, yamepimwa na daktari wa serikali.

Nianze mwanzo, maana kuna watu wanapenda kuingia katikati ya habari na kuanza kulia.

Tume iliundwa baada ya kusikika kwamba nchi jirani wamechagua filamu zao kumi bora za michezo. Kumi! Watu ambao hata barabara ya kwenda uwanja wa ndege hawana. Serikali yetu haikukubali kuachwa nyuma. Wakateuliwa wajumbe kumi na mmoja, idadi ya wachezaji, na wengine wanne wa akiba waliokaa kwenye benchi ukutani, wakisimama kila baada ya saa moja kupasha misuli. Mwenyekiti alikuwa Jenerali mstaafu Lusewa. Huyu hajawahi kutazama filamu hadi mwisho maishani mwake, kwa kuwa taa zikizimwa tu hutoa bastola. Kwa hiyo tulitazama taa zikiwaka, mapazia wazi, na mara nyingi hatukuona kitu kwenye kile kitambaa cheupe. Lakini tulitazama.

Zililetwa filamu mia tatu na arobaini kutoka pembe zote za dunia. Tukaanza kwa kuondoa zile ambazo shujaa anashindwa.

"Kushindwa si mchezo," alisema Jenerali. "Kushindwa ni uzembe, na uzembe una mahakama yake."

Tukaondoa za kuogelea, maana mabomba ya mji mkuu yalikuwa na mwezi wa tano hayajatoa tone, na hatukutaka kuwatia wananchi tamaa. Tukaondoa za ngumi, kwani ndani yake watu wanapigana bila kibali. Tukaondoa zile za mbio, kwa sababu mjumbe mmoja aliuliza kwa nini wote wanakimbilia upande mmoja na hakuna aliyeweza kumjibu kwa uhakika. Zilizotusumbua zaidi ni zile za kijana maskini anayefanya mazoezi peke yake alfajiri hadi anakuwa bingwa. Filamu nzima huioni Wizara ikimsaidia! Mtazamaji anaweza kutoka pale na mawazo. Hizo hatukuziondoa tu, tulizichoma.

Ikabaki moja. Wallahi hatukupanga. Ilikuwa inaitwa Magoli Tisa, na ndani yake Mtukufu, Rais wetu, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, anaingia uwanjani dakika ya themanini wakati timu ya taifa iko nyuma kwa magoli manane bila, na anafunga tisa peke yake. Mechi yenyewe haikuwahi kuchezwa, lakini imo kwenye vitabu vya historia vya darasa la nne, na wanaokosea tarehe yake hawaendi darasa la tano.

Tukaiweka nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili hadi ya kumi tukaziacha wazi kwa heshima.

Kilichotupata ni kwamba Mtukufu aliomba kuiona. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu aigize, na sasa alikuwa na sabini na tisa, anakaa kwenye kiti chenye mto wa manyoya na kusahau majina ya mawaziri, jambo ambalo wengine tulilishukuru. Tukadhani atalala. Hakulala. Alihesabu magoli kwa vidole, kila moja kidole, na lilipoingia la tisa akanyanyua mkono.

"Simamisha. Rudisha nyuma." Fundi akarudisha. "Hapo napiga kwa mguu gani?"

Waziri wa Michezo, ambaye ndiye aliyeiongoza ile filamu, alianza kutokwa jasho puani.

"Wa kushoto, Mtukufu," akasema.

"Na mimi ni wa mguu wa kushoto tangu lini?"

Waziri akapiga magoti. Ikabidi aseme. Goli la tisa halikuwahi kuwepo. Lile lililoonekana ni la nane, limegeuzwa kama nguo iliyovaliwa ndani nje. La tisa lenyewe lilipigwa vizuri, mbele ya kamera tatu, lakini kipa alilidaka.

Kipa! Nani huyo? Shaibu Ngwali, kipa wa timu ya Reli, kijana wa miaka thelathini na moja wakati huo, aliyechaguliwa kwa kuwa ndiye bora nchini na Waziri alitaka uhalisia. Aliambiwa waziwazi: Mtukufu atapiga tisa, wewe utaruka upande usiofaa mara tisa. Akaruka vizuri mara nane. Mara ya tisa mpira ukaja kwa urefu wa kifua, na mikono yake ikafanya ilivyozoea tangu utotoni. Akaudaka, akaukumbatia, na kama vile hilo halikutosha, akamrushia winga wake. Alipozinduka alikuwa ameshawekwa pingu. Mahakama ilimpa miaka ishirini kwa kosa la kuzuia maendeleo.

Kidole cha tisa cha Mtukufu kilikuwa bado kimesimama.

"Yuko hai?"

Hakuna aliyejua. Simu zikapigwa. Alikuwa hai.

"Basi mleteni yule yule. Goli la tisa nitalipiga upya, na yeye ndiye atakayekaa langoni. Filamu bora kabisa ya nyakati zote haiwezi kuwa na magoli manane na uongo mmoja."

Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Nani kasema viongozi wetu hawapendi ukweli?

Nilikwenda gerezani na Jenerali. Shaibu aliletwa akiwa amekonda, nywele zimeanza mvi juu ya masikio, mikono kaificha nyuma kana kwamba anaionea haya. Nikamsomea makubaliano. Akiliachia goli la tisa, kosa lake la kudaka linafutwa na anatoka siku hiyo hiyo. Akilidaka, miaka iliyobaki inazidishwa mara tatu.

"Naliachia, Mheshimiwa," alisema hata kabla sijamaliza kusoma. "Nina binti sijamuona. Alikuwa tumboni nilipokamatwa. Barua moja ilinifikia, inasema anaitwa Nasra. Naliachia hata mkipiga mia."

"Hata mara ya kwanza ulisema hivyo hivyo," Jenerali akamkumbusha.

Shaibu akatazama chini. "Kweli, Afande. Si mimi. Ni hii mikono."

Nawaambia ukweli, maneno hayo yalinigusa. Ni nadra mfungwa kukiri kwa usafi namna ile. Kwa kuwa tatizo lilikuwa mikono, Tume ikaamua kuifundisha mikono. Mjumbe mmoja alishauri ikatwe, tukamuelimisha kwamba kipa asiye na mikono angeharibu uhalisia.

Mafunzo yalichukua majuma matatu, chini ya Sajini Mkocho, mtu mpole anayefuga njiwa. Kila asubuhi Shaibu alisimama uani, mikono ubavuni, na Sajini akamrushia vitu. Siku za mwanzo machungwa. Aliyadaka yote, masikini, huku akiomba radhi. Kila alichokidaka alikilipia kwa fimbo moja ya viganja. Wakaja na mawe, akayadaka manane. Wakaja na mayai, akayadaka kwa ulaini hata moja halikuvunjika, na Sajini akanieleza kwa huzuni kwamba hajapata kuona kipaji kama kile kikipotea kwa mtu mmoja. Juma la pili wakaanza na chakula: sahani yake ya ugali ilirushwa, akiidaka inachukuliwa, akiiacha inaanguka na anaruhusiwa kuokota. Siku ya nne ya zoezi hilo aliiacha. Tuliandika barua ya pongezi.

Mwishoni mwa juma la tatu ukafika mtihani. Jenerali alisema chungwa na sahani si kipimo, mtu lazima apimwe kwa kitu anachokipenda. Tukamwita mkewe, Zamda, mwanamke mrefu, mshonaji, aliyekuwa amekuja gerezani kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja na kuambiwa kila Jumapili kwamba siku ya wageni ni Jumamosi. Akapandishwa juu ya meza, hatua mbili mbele ya mumewe. Walikuwa hawajaonana muda wote huo.

"Baba Nasra," alisema.

"Mama Nasra."

"Wameniambia wanachotaka kufanya. Usinyooshe mkono, umesikia? Mimi nitaanguka tu, nitanyanyuka. Usininyooshee mkono hata kidogo."

Sajini Mkocho akamsukuma.

Ilikuwa meza ya kawaida, si ndefu kama inavyosemwa. Alianguka kwa goti na kiwiko, na goti likachanika hadi pakaonekana peupe. Shaibu alikuwa analia, machozi yanamfika kidevuni, lakini mikono ilibaki ubavuni, haikutikisika hata kidole. Mke wake alijiinua kwa kushika mguu wa meza, akamtazama, akatabasamu kwa meno yote.

"Umefanya vizuri, mume wangu," akasema. "Vizuri sana."

"Amefuzu," alisema Jenerali, nami nikaandika.

Kulikuwa na shida nyingine ndogo ambayo hakuna aliyependa kuitaja. Mtukufu hakuweza tena kupiga mpira. Tulifanya jaribio la siri kwenye zulia la Ikulu: aliupiga kwa nguvu zake zote, ukaenda umbali usiozidi urefu wa mkate mmoja, ukasimama. Mtaalamu wetu wa ardhi akapata jibu. Wanajeshi mia nne na wanafunzi wa vyuo viwili waliingia uwanja wa taifa na majembe, na ndani ya siku kumi na mbili wakauinamisha uwanja mzima, kutoka alama ya penalti hadi langoni ukawa mteremko kama paa la nyumba. Juu yake tukapanda nyasi. Sasa hata ukiupigia chafya mpira, unaingia.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi jua lilikuwa safi, wananchi elfu nne waliokuwa na hiari walishakaa majukwaani tangu saa kumi na moja. Upande wa kulia wa goli tuliweka wanawake sabini wa kupiga vigelegele, na Zamda alikuwa miongoni mwao, kwani hiyo ndiyo njia pekee aliyoipata ya kuingia. Alikuwa anachechemea. Mkononi alishika mfuko wenye shati lililopigwa pasi na viatu vya mumewe vya zamani, alivyovipaka rangi. Nilimuuliza kwa uungwana, mwanawe yuko wapi? Akasema amemwacha nyumbani anafagia uwanja na kuvaa gauni, anavua, anavaa lingine, hajui baba yake anapenda rangi gani.

"Anatoka saa ngapi, Mheshimiwa?" akaniuliza.

"Mpira ukiingia tu, mama. Barua ninayo hapa," nikampapasia mfuko wa koti langu aione.

Shaibu akawekwa langoni na jezi ya miaka ile, imemning'inia. Mtukufu akateremshwa kwenye kiti, akavalishwa njumu, akasimama mwenyewe penye alama. Uwanja mzima ukavuta pumzi. Walinzi wake walitaka kusimama pembeni yake kama kawaida, lakini Waziri wa Michezo aliwaomba watoke wasionekane kwenye kamera, na wakatoka. Mwamuzi akapuliza.

Mtukufu akapiga. Kwa mguu wa kulia, na andikeni hilo. Mpira ukashika mteremko, ukabingirika, ukapata kasi, ukampita Shaibu kwenye mguu wa kushoto. Yeye alikuwa ameruka kulia, kama alivyoagizwa, akainuka haraka na kusimama wima, mikono ubavuni. Mpira ukagusa nyavu.

Goli la tisa! Nilimwona Zamda akiubana ule mfuko kifuani kwa mikono miwili.

Ila Mtukufu hakusimama. Mguu uliopiga ulishuka kwenye mteremko, ule wa pili ukaufuata, na mteremko hauna adabu, haujali umri wala cheo. Akaanza kukimbia. Hakuwa amekimbia miaka kumi na mmoja. Hatua tatu za kwanza zilikuwa nzuri hata wananchi wakapiga makofi wakidhani anashangilia. Hatua ya nne alikuwa amelala hewani, mikono mbele, anakwenda moja kwa moja kwa Shaibu Ngwali, kwa urefu wa kifua.

Shaibu alimwona akija. Nilikuwa karibu, naweza kula kiapo. Mabega yake yaliruka kidogo, kisha yakatulia. Mikono ikabaki ubavuni, viganja vimebana mapaja, kama alivyofundishwa. Mtukufu akampita na kugonga mlingoti wa goli kwa bega na mdomo.

Elfu nne walipiga yowe. Walinzi wakaja mbio, nao wakateleza, wakarundikana wavuni pamoja na mpira. Tulipomtoa, Mtukufu alikuwa na bega lililotoka mahali pake na meno mawili pungufu, lakini akili yake ilikuwa timamu kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi.

"Kwa nini hukunidaka, mbwa wewe?"

"Niliambiwa nisidake chochote kinachokuja golini, Mtukufu," alisema Shaibu. Alisema kwa heshima kabisa.

Hapa ndipo watu wa mitaani wanapotia chumvi. Wanasema tulivunja ahadi. Sisi? Jenerali Lusewa alikuwa na hasira, mishipa ya shingo imemtoka, lakini ni mtu wa sheria. Akanigeukia.

"Goli limeingia au halijaingia?"

"Limeingia, Afande."

"Basi makubaliano ni makubaliano. Toa barua."

Nikaitoa, akaiwekea sahihi juu ya mgongo wangu, nikaandika saa: nne na dakika kumi na saba. Pingu za Shaibu, ambazo Sajini alikuwa ameshamvalisha kwa mazoea, zikafunguliwa. Akaambiwa yuko huru. Mwanzo hakuelewa, ikabidi Sajini amsukume kidogo mgongoni. Ndipo akaanza kutembea kuelekea upande wa wanawake, akiambaa chini ya mteremko, taratibu, mikono yake bado imebana mapaja. Zamda naye akatoka kwenye mstari. Akatoa shati mfukoni, akalikung'uta, akaliinua juu ili alione.

Wakati huo Jenerali alikuwa ananitamkia hati ya pili niiandike. Kosa la kudaka limefutwa, hilo halina ubishi. Lakini kutodaka ni kosa jingine, halimo kwenye makubaliano, na lilikuwa limetendwa mbele ya mashahidi elfu nne: kumwacha Mkuu wa Nchi aanguke huku ukiwa na uwezo, ujuzi na kipaji cha kumzuia. Sajini Mkocho mwenyewe alishuhudia habari ya mayai. Kifungo cha maisha. Saa nne na dakika ishirini na mbili.

Shaibu alikuwa amefika kwenye kibendera cha kona. Zimebaki hatua kama sita. Kwa dakika tano alikuwa mtu huru kama wewe na mimi, na hakuna wa kutuambia hatukutimiza neno letu.

Walipomkamata hakupiga kelele. Zamda alimrushia lile shati. Likaruka vizuri, likamfikia kifuani, na yeye akalitazama likimgonga na kuanguka chini, mikono haikunyanyuka. Nadhani alitaka. Uso ulionyesha anataka.

Filamu ilikuwa imepatikana, tena nzuri: fundi alikata pale mpira unapogusa nyavu, na hakuna anayejua kilichofuata. Shida ikawa sauti. Vinasa sauti vilikuwa vimenasa lile yowe la wananchi, na yowe halifai kwenye goli la ushindi. Tukawaomba wanawake sabini wabaki wapige vigelegele upya. Gari la gereza lilikuwa bado liko pale mlangoni, injini inakataa kuwaka, Shaibu ndani.

Wakapiga. Vilikuwa vya hovyo, vya watu waliochoka. Jenerali akapita mbele yao akimtazama kila mmoja mdomoni.

"Na huyu mbona kimya?"

"Ni mke wa mfungwa, Afande," nikamwambia.

"Mumewe kasamehewa leo leo, na hana hata shukrani?"

Nikamsogelea Zamda, nikamweleza kwa upole kwamba ripoti ya mumewe bado sijaiandika, na kwamba mwenendo wa familia ni jambo ambalo Tume huliangalia. Akanigeukia.

"Nikipiga, mtamwachia?"

"Tutalizingatia, mama," nikasema, na huo ni ukweli, huwa tunazingatia.

Akaweka mfuko chini. Akaliangalia lile gari. Kisha akafungua mdomo.

Filamu ya Magoli Tisa sasa inaonyeshwa kila Jumamosi, na kuitazama ni lazima. Likiingia goli la tisa sikilizeni vizuri: kuna kigelegele kimoja kinapanda juu ya vingine vyote, kirefu, hakikatiki, hadi fundi wetu ilibidi apunguze sauti. Wageni wa nje wamekiandikia makala. Wanasema hawajawahi kusikia furaha ya kweli namna ile katika filamu yoyote ya michezo. Tulimrudisha apige mara sita, na mumewe alivisikia vyote kutoka garini. Tumetumia kile cha sita.